Uvimbe Unaojificha Ukilala

Kijana wa hadithi yangu ana miaka 12, yuko Gredi ya 6, na anakaa Raila. Nimemuunda mwenyewe, kwa hiyo msimtafute mitaani. Lakini yaliyompata huwapata watoto wa kweli, tena wengi, na hao ndio ninaowafikiria ninapowasimulia. Jina sitampa.

Raila ni kimoja cha vijiji vya Kibera, jirani ya Gatwekera na Soweto West. Huko nyumba nyingi hazina mfereji, kwa hiyo maji hufuatwa kwa mtungi. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20, na kijana wetu mwenyewe hafiki kilo 40. Jumamosi moja maji yalikuwa yamekatika siku mbili, na yaliporudi foleni ya kioski ilizunguka hadi nyuma ya choo cha kulipia. Alibeba mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alasiri akaingia nyuma ya pazia na karai lake kuoga, na alipokuwa akijipaka sabuni mkono wake ukakutana na kitu ambacho hakikuwapo asubuhi.

Kilikuwa kwenye kinena, upande wa kulia, pale paja linapokutana na tumbo. Uvimbe laini, ukubwa wa ndimu. Hauumi. Akaubonyeza kwa kidole, ukanguruma kidogo ndani, ukaingia. Akasimama kimya akiutazama. Akakohoa, ukatoka tena.

Usiku alipolala chali haukuwapo kabisa, akashukuru Mungu kwamba yamekwisha. Asubuhi alipochuchumaa kuvaa viatu, ukarudi.

Hakumwambia mtu. Mnajua kwa nini. Kama ungekuwa kwenye goti angemwonyesha kila mtu, pengine hata kwa majivuno. Lakini mahali pale! Amwite nani, amwambie nini, avue suruali mbele ya nani? Mama anaondoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo na kurudi giza limeingia. Nyanya yupo, ila ni mwanamke, na ni nyanya. Kwa hiyo kijana akaanza kutembea huku mkono mmoja umo mfukoni, akiushikilia uvimbe wake kwa siri.

Sasa tumwache kidogo hapo, tuingie ndani ya tumbo lake tuone kinachoendelea.

Utumbo wa mtu mzima ukinyooshwa hufika mita sita au zaidi. Mrija huo wote umekunjwa tumboni, na haukai kimya. Husogea na kujiviringisha ukisukuma chakula mbele. Kinachouzuia usimwagike mbele ni ukuta wa tumbo, yaani tabaka za misuli na nyama ngumu, na ndani yake utando mwembamba. Ukikohoa, ukicheka, ukijikamua chooni au ukiinua mtungi, utumbo husukumwa kwa nguvu dhidi ya ukuta huo. Ukuta ukiwa mzima, hakuna kinachotokea. Ukiwa na mahali palipo wazi au dhaifu, utumbo huchungulia hapo. Mmeona tairi la baiskeli lililochanika ubavuni, tyubu ikajitokeza kwenye ule mpasuko kama puto? Tyubu haijaharibika, ni nzima kabisa. Kasoro iko kwenye tairi. Hiyo ndiyo ngiri: sehemu ya ndani iliyo nzima imepenya kwenye tundu la ukuta. Hospitalini watakwambia ni henia.

Na tundu la kijana wetu lilitoka wapi? Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana watu wengi wazima hawalijui jambo hili. Mvulana akiwa bado tumboni mwa mamake, korodani zake haziumbwi pale mnapozijua. Huumbwa juu, karibu na figo, kisha hushuka polepole. Katika miezi ya mwisho ya mimba hupita kwenye njia nyembamba ya kinena mpaka zifike kwenye mfuko wake. Zikishuka, utando wa ndani huzifuata kama mkia, na kwa kawaida mkia huo hujifunga, njia ikazibika. Kwa watoto wengine haujifungi. Hubaki wazi kimyakimya mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na wengine hawapatwi na lolote mpaka wanazeeka. Kwa wengine siku moja utumbo huiona ile njia na kuifuata. Watoto njiti hupatwa zaidi ya wengine, kwa sababu walitoka kabla mkia haujafunga.

Kwa hiyo kijana wetu alizaliwa na tundu lake. Mtungi wa maji haukulichimba. Mtungi uliusukuma tu utumbo ukapita mahali palipokuwa wazi kwa miaka 12. Hakufanya kosa lolote kumsaidia mamake.

Hayo yeye hakuyajua. Aliyoyajua aliyasikia kwa rafiki yake, jioni moja baada ya mpira kwenye uwanja wa Kamukunji. Alikuwa amekataa kukimbia, rafiki akamsumbua mpaka akasema.

"Huo ni mshipa," rafiki akasema, sauti chini. "Babu yetu wa ushago alikuwa nao, mpaka ukawa kama kibuyu. Hutazaa."

"Nani amekuambia?"

"Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Nimelisikia neno hilo mara nyingi kuhusu mambo ambayo hakuna anayeyajua. Kitu ambacho babu yake alikuwa nacho mpaka kikawa kama kibuyu huenda hakikuwa ngiri kabisa. Mitaani magonjwa mawili hupewa jina moja la mshipa. La kwanza ni ngiri, utumbo uliopenya. La pili ni busha, ambalo ni maji yaliyojikusanya kuizunguka korodani. Busha haliingii ndani ukilala, na halingurumi ukilibonyeza. Pwani yetu, Kilifi, Kwale, Tana River na hata Lamu, mabusha mengi yametokana na minyoo wadogo sana wanaoenezwa na mbu, na serikali imekuwa ikigawa dawa za kuwaua minyoo hao kijiji kwa kijiji. Watoto wachanga nao huweza kuzaliwa na busha dogo lisilohusiana na mbu, na mara nyingi hukauka lenyewe kabla ya mwaka wa pili. Daktari huweza kutofautisha hali hizi kwa mikono yake na tochi ndogo. Jirani hawezi, hata awe na umri gani.

Na hilo la kutozaa? Ngiri peke yake haimnyimi mtu watoto. Kuna wanaume wengi waliokuwa na ngiri, wakapasuliwa, na leo wana watoto wanaowasumbua ada ya shule. Hatari ipo, lakini iko kwingine, na tutaifikia.

Agosti shule zilipofungwa, kijana alipelekwa kwa shangazi yake Kawangware, upande wa Gatina. Akiwa njiani kutoka steji alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima. Mmeziona. Daktari kutoka Tanga, anatibu mshipa, nguvu za kiume, kesi mahakamani, anarudisha mume aliyepotea na mali iliyoibiwa. Chini yake namba ya simu. Kijana alisimama pale muda mrefu akiisoma neno kwa neno, akiwa na shilingi 200 za likizo mfukoni, na mimi nikimfikiria pale roho yangu huuma. Maana karatasi ile ilikuwa imetaja kitu ambacho hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kumtajia.

Dawa ya kunywa, watoto wangu, huenda wapi? Hushuka kooni, huingia tumboni, hupita ndani ya utumbo ule ule. Inaweza kupunguza maumivu, inaweza kuua minyoo. Haiwezi kulishona tundu la ukuta. Na dawa ya kupaka hukaa kwenye ngozi. Hakuna mzizi wala kidonge kinachoziba ngiri ya kinena, na hata daktari wa hospitali kubwa hana kidonge hicho. Anayekuuzia chupa anakuuzia miezi ya kungoja. Na kama amekuambia umetupiwa uchawi na jirani, amekuongezea uadui usiokuwapo.

Nyumbani kwa shangazi alimkuta mume wake, ambaye kijana humwita ami. Ami ni mtu wa mjengo, hubeba simiti kwenye majumba yanayojengwa Kileleshwa, mfuko wa kilo 50 begani, ghorofa baada ya ghorofa. Huvuta sigara na hukohoa. Siku ya pili kijana aliona kitu kilichomshtua: ami alipokuwa akivaa, alijifunga mshipi mpana kiunoni chini ya suruali, akaubana upande mmoja wa kinena.

"Ni nini hicho, ami?"

"Ni cha kuzuia mshipa usishuke kazini. Mwaka wa nne huu. Wewe soma, mambo ya wazee uyaache."

Ami hakuzaliwa na njia iliyo wazi kama ya kijana. Kwa watu wazima ukuta wenyewe huchoka. Umri huudhoofisha, sigara huudhoofisha, na kikohozi cha kila siku, kukaza chooni kila siku, kuinua mizigo mizito kila siku huupiga pale pale ulipo dhaifu. Mshipi wake uliusukuma utumbo ndani wakati wa kazi, na hilo lilimpa nafuu ya kweli, sitaki kumdharau. Ila haukulifunga tundu. Mwaka baada ya mwaka lilipanuka chini ya mshipi, na yeye akajiona amepona kwa sababu hakuwa akiliona.

Usiku wa Jumatano ya wiki ile ngiri ilimkamata ami. Uvimbe ulitoka, na alipolala haukuingia. Ulikuwa mgumu, na ukiguswa alipiga kelele. Akaanza kutapika. Shangazi akapasha kitambaa moto. Jirani wa mlango wa pili akaja na mafuta ya nazi, akasema alazwe chali, wamkande kwa nguvu mpaka urudi. Wakati huo ndipo akaingia sista mmoja anayekaa ploti ile ile, ametoka zamu, viatu bado vyeupe miguuni.

"Acheni kuusukuma," akasema. "Msimpe chai, msimpe maji. Tumbo liwe tupu. Tafuteni gari sasa hivi."

"Si tungoje kukuche, sista? Usiku huu—"

"Mama, kukikucha tutakuwa tumechelewa."

Niwaambie sista alijua nini. Utumbo ukipenya kwenye tundu huingia pamoja na mishipa yake ya damu. Tundu likiubana shingoni, damu haipiti. Chakula hakipiti pia, ndiyo maana mtu hutapika, tumbo hujaa, na hata hewa haitoki. Utumbo usiopata damu hufa katika muda wa saa chache tu. Ukifa hutoboka, uchafu humwagika tumboni, na mtu huweza kufariki. Ukiukanda kwa nguvu unaweza kuupasua, au ukaurudisha tumboni ukiwa tayari umekufa, nje kukaonekana kuzuri huku ndani mambo yakiharibika. Kwa mvulana, mbano ule ule huweza kuinyima damu korodani ya upande huo. Hiyo ndiyo hatari niliyowaahidi.

Walimpeleka Kenyatta, hospitali iliyoanza mwaka 1901 ikiwa ndogo ya Waafrika na ambayo sasa hupokea wagonjwa kutoka nchi nzima. Alipasuliwa kabla ya alfajiri. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Madaktari wakakikata, wakaunganisha pande mbili zilizo hai, wakamshona. Alilala wodini wiki nzima na zaidi. Alipona, lakini kazi ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine, na deni la ile teksi ya usiku lilikuwa dogo kuliko yote.

Kijana aliporudi Raila, alimkuta nyanya akichambua sukuma wiki mlangoni. Aliketi kando yake muda, kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Nyanya, ule ugonjwa wa ami, hata mimi ninao."

Nyanya akaweka kisu chini. "Tangu lini, mjukuu wangu?"

"Tangu wakati wa mvua."

"Na ukanyamaza mvua yote?"

"Niliona haya, nyanya."

Nyanya hakumgombeza. Alimuuliza mambo mawili tu: kama unauma, na kama akilala unarudi ndani. Kisha akamwambia avae viatu, wakatoka hadi kwa mhudumu wa afya ya jamii wa pale kijijini. Wahudumu hao mnawaona wakipita nyumba kwa nyumba na mkoba na simu. Tangu mwaka 2023 serikali imewasajili kama 100,000 nchi nzima, na kazi yao moja ni kusikiliza mambo kama haya bila kuyatangaza kwa majirani. Kesho yake wakawa kliniki.

Uchunguzi wenyewe, ambao kijana aliuogopa miezi yote ile, ulichukua muda mfupi kuliko foleni ya maji. Daktari alifunga mlango. Alimwomba ruhusa. Nyanya alibaki chumbani, akageuka upande wa dirisha. "Simama wima. Geuza uso. Kohoa." Akakohoa. "Lala. Basi, vaa." Hakuna sindano, hakuna mashine. Ngiri ya kinena mara nyingi hujulikana kwa macho, vidole na kikohozi.

"Itajifunga yenyewe?" nyanya akauliza.

"Hapana, mama. Ya kinena haijifungi, kwa mtoto wala kwa mzee. Bora afanyiwe mapema, akiwa mzima hivi, mchana, tumejiandaa. Si kama yule mliyenisimulia."

Akaandikiwa barua ya kwenda Mbagathi. Hapo suala la pesa likaingia, na sitaliruka, kwa sababu ndilo linalowaweka watu wengi kwenye mishipi. Tangu Oktoba 2024 bima ya serikali ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Ukijiandikisha, kliniki na vituo vya afya vya ngazi ya chini ni bure. Upasuaji hospitalini hulipiwa na bima kama familia imelipa mchango wake, na kwa watu wasio na mshahara kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazodaiwa za mwaka mzima kwa pamoja. Shilingi 3,600 kwa mara moja, kwa mama anayelipwa kwa siku aliyofua, ni nyingi. Chama cha nyanya kiliketi Jumapili, zamu ya mwezi ule akapewa yeye, mchango ukalipwa. Ninaona ni haki watoto wajue jambo hili: wakati mwingine mzazi anayechelewa hospitalini hana ubishi wala ujinga, anahesabu.

Upasuaji wa mtoto ni mdogo. Anapewa dawa ya nusukaputi, analala, hasikii chochote. Daktari hupasua kidogo kwenye mkunjo wa ngozi wa kinena, mahali ambapo kovu litajificha, huutafuta ule mkia wa utando uliosahau kujifunga, hurudisha utumbo kwao, huufunga mkia kwa uzi. Huo ndio mwisho wake. Kwa kawaida haichukui hata saa moja, na watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kijana wetu aliamka akauliza wataanza lini, akaambiwa wameshamaliza.

Hapo ndipo huwa ninaulizwa kwa nini ami hakuwekewa wavu, kile kiraka cha plastiki ambacho madaktari huweka juu ya tundu la ngiri. Swali zuri, na jibu lake ni refu, tena ninalipenda.

Zamani mno watu waliijua ngiri. Katika maandishi ya tiba ya Misri ya kale, yaliyoandikwa miaka zaidi ya 3,500 iliyopita, umo uvimbe wa tumbo unaojitokeza mtu akikohoa. Kuutibu ndiko kulikowashinda. Waliukata, waliuchoma, waliufunga mishipi ya chuma. Ilichukua mpaka miaka ya 1880, huko Padua, Italia, ambako daktari Edoardo Bassini alipata njia nzuri ya kuushona ukuta wa kinena tabaka kwa tabaka. Alipokuwa kijana alikuwa askari, akachomwa singe kinenani, akauguza jeraha hilo kwa miezi mingi. Aliijua sehemu ile kwa maumivu yake mwenyewe.

Kushona kuna shida moja. Kwa mtu mzima ukuta umechoka, na uzi huivuta nyama iliyochoka, kwa hiyo wengine ngiri huwarudia. Baada ya mwaka 1950 madaktari wakaanza kutumia kiraka cha wavu wa plastiki: wanauweka juu ya tundu bila kuvuta nyama, na mwili wenyewe huota ndani ya vitundu vya wavu ukaushika. Ikawa dawa bora ya ngiri ya watu wazima. Bei yake ndiyo ikawa ukuta mwingine. Wavu wa kiwandani uliweza kufika dola 100 na zaidi, kwa kipande kinachotosha kiganjani.

Basi, daktari mmoja wa India, Ravindranath Tongaonkar, akatazama chandarua cha mbu. Plastiki inayofanana, vitundu vinavyofanana. Akachukua kitambaa kisichotiwa dawa ya mbu, akakikata, akaua vijidudu vyake, akakitumia kwa wagonjwa wake wasio na pesa. Wengi walitia shaka, na walikuwa na haki kutia shaka, kwa sababu mwili wa maskini si mahali pa kujaribia vitu ovyo. Jambo hilo likapimwa sawasawa, na likapimwa hapa jirani, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya misheni ya Kamuli. Wanaume 302 wenye ngiri waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wavu wa kiwandani wa dola 125 hivi, nusu wavu wa chandarua wa dola moja. Mwaka mmoja baadaye, upande wa wavu wa bei nafuu ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu, upande wa wavu ghali hakuna hata mmoja, na kwa jumla hapakuwa na tofauti ya maana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na dunia nzima ya madaktari ikayasoma. Nikisema Kamuli natamani muione: mji wa Busoga, si mbali na mpaka wetu, ulioijibu hoja ambayo miji mikubwa ilikuwa inaibishania. Na kabla hujamwambia mtu nimesema akate neti ya kitandani: neti nyingi za nyumbani zimetiwa sumu ya mbu, na hakuna inayofaa hata kidogo kuingia mwilini.

Ami hakuwekewa wavu kwa sababu alifika na utumbo uliokufa. Mahali penye vijidudu kiasi hicho, madaktari huogopa kuacha plastiki, isije ikashika vijidudu. Alishonwa kwa uzi, kwa jinsi inayokaribia ile ya Bassini. Kama angekuja miaka minne nyuma, angeweza kupata wavu na kurudi nyumbani siku ya pili.

Hadithi ikifika hapa mikono huinuka. Nawapenda kwa hilo.

Msichana mmoja huuliza kama wasichana wamo. Mmo. Wavulana hupatwa mara nyingi zaidi kwa sababu ya ile safari ya korodani, lakini msichana naye huweza kuwa na uvimbe kinenani, na ndani yake pengine pana ovari badala ya utumbo. Wanawake wazima hupata aina nyingine inayotokea chini kidogo, juu ya paja, na hiyo hubanwa upesi. Msichana mwenye uvimbe asiambiwe huo ni ugonjwa wa wanaume.

Mwingine huuliza kuhusu mtoto mchanga wa kwao mwenye kitovu kilichotokeza. Kijana wetu pia ana dada mdogo wa namna hiyo, na nyanya alikuwa amekifunga kitovu kwa kitambaa na sarafu ya shilingi 10. Nyanya hakuwa na nia mbaya, alifanya kama alivyofanyiwa. Yule mhudumu aliitoa sarafu ile siku ile ile, akamwonyesha ngozi iliyolowa na kuchubuka chini yake. Ngiri ya kitovu ni tofauti na ya kinena. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nayo, na nyingi hujifunga zenyewe kabla ya miaka mitano. Sarafu haiharakishi lolote, huleta vidonda, na ikidondoka mtoto huweza kuimeza. Kilio hakiisababishi, huisukuma tu ionekane. Mkunga aliyekata kitovu naye hana hatia. Ila kitovu kikiwa kigumu, kikiuma, mtoto akitapika, hapo hakuna kungoja. Na kikiwa bado wazi akiwa na miaka minne au mitano, apelekwe.

Kuna anayeuliza, kwa sauti ya chini, amwambie nani kama nyumbani hakuna wa kumwambia. Mwambie mwalimu unayemwamini, au mhudumu wa afya, au ingia mwenyewe kwenye kituo cha afya. Huhitaji kueleza mengi wala kumvulia mtu yeyote nguo njiani. Sema, "Nina uvimbe kinenani, unatoka na kuingia." Wataelewa. Na ukiwa umekuwa mgumu, unauma na unatapika, mwambie mtu mzima wa kwanza unayemwona, hata kama ni saa nane ya usiku, hata kama ni mgomvi.

Na wa mwisho siku zote hutaka kujua kama ngiri itarudi. Kwa kijana ni nadra. Alikaa nyumbani wiki moja, akarudi shuleni, akakatazwa mpira na mitungi kwa wiki kadhaa, na muda huo maji yakabebwa na yule rafiki wa Kamukunji, ambaye sasa anajua tofauti ya ngiri na busha kuliko wazee wengi. Kwa ami nafasi ya kurudi ni kubwa zaidi. Daktari alimwambia aache sigara ili kikohozi kikome, na arudi kliniki akiona uvimbe wowote. Sigara ameacha. Simiti pia ameacha kwa sasa, anauza mitumba na shangazi pale Kawangware, na tarehe ya kliniki shangazi ameiandika ukutani kwa chaki.